KITABU CHA FEZA ZA MASOMO KIFUNGULIWE MBELE YA WAZAZI

Maneno ya karani mmoja wa mine katika mkutano wa wazazi, Kolwezi



Mkubwa wa komite aliniomba niseme maneno kidogo juu ya feza za masomo yetu. Aliniambia: «Wewe ni karani, hesabu ndiyo kazi yako. Waeleze watu sababu gani feza hazitoshi.» Nilimjibu kwamba nitaeleza, lakini nitaeleza mambo mawili. La kwanza, sababu gani feza hazifiki. La pili, sababu gani hata zile zinazofika hatuzioni. Nikisema la kwanza peke yake, tutarudi nyumbani tukilaumu Serikali, na kesho kalasi ya nne itanyeshewa tena. Nikisema la pili peke yake, tutatoka hapa tukigombana na direkta, na Serikali itafurahi kwamba hakuna anayeiuliza kitu. Mambo haya mawili ni kama miguu miwili: mtu akikatwa mmoja hatembei.

Kwanza mnijue. Wengi wenu mnaniona asubuhi nikingoja motokari ya kazi pale barabarani. Nilisoma kwa mapadri mpaka nikapata diploma ya sekondari, na sasa nafanya ukarani katika magazini ya mine. Kazi yangu si kubwa. Ninaandika vitu vinavyoingia na vitu vinavyotoka. Lakini kazi ile imenifundisha neno moja ambalo nataka kuwaletea leo. Katika magazini yetu, hata bulo moja ndogo ya chuma, unene wa kidole, haitoki bila bono. Anayeomba anatia sahihi, mkubwa wake anatia sahihi, na mimi ninayetoa ninatia sahihi. Mwisho wa mwezi tunahesabu vitu vyote tena kwa mkono, rafu kwa rafu. Kama karatasi inasema 40 na rafu ina 38, hakuna mtu anayekwenda nyumbani mpaka zile 2 zijulikane zilikokwenda.

Sasa niwaulize, wandugu. Bulo ya chuma ina thamani kuliko mtoto? Tunalinda chuma kwa sahihi tatu, na feza za watoto wetu tunazilinda kwa sahihi ngapi? Masomo mengi yanazilinda kwa sahihi moja tu, tena ya mtu aliyetia sahihi bila kusoma.

Mtu huyo ninamjua, kwa sababu ni mimi.

Miaka iliyopita, katika masomo mengine ambayo sitayataja, wazazi walinichagua kuwa mtunza feza wa komite. Nilifurahi, maana ni heshima kuchaguliwa na watu. Mwaka ule tulikusanya feza za kuezeka kalasi mbili. Kila mzazi alitoa kwa uwezo wake. Mama mmoja anayeuza mkaa alileta noti ndogo ndogo zilizofungwa ndani ya kitambaa, akazihesabu mbele yangu mara mbili. Wiki chache baadaye niliitwa jioni, nimetoka kazini, nimechoka. Nikaonyeshwa karatasi ya muuza mabati: mabati 60. Nikaambiwa: «Tia sahihi hapa, mzee, fundi anangoja.» Nikatia sahihi. Sikwenda kuyatazama mabati. Mimi ambaye ninahesabu bulo kwa mkono kila mwisho wa mwezi, sikuhesabu mabati ya watoto.

Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilipokuja, kalasi moja ikavuja upande mzima. Madaftari yakalowa, na mwalimu akakusanya watoto wote kwenye pembe moja kama kuku. Siku ya posho nilipanda ngazi, nikahesabu mabati moja moja. Yalikuwa 42. Nilipouliza yale 18, niliambiwa kwamba sehemu ya feza ilikwenda kwa safari, sehemu kwa kupokea wageni wa ukaguzi, sehemu «ilipanda juu». Nikasema: haya hayakuandikwa. Nikajibiwa kwa neno ambalo linaniuma mpaka leo: «Lakini wewe ulitia sahihi.»

Na kweli nilitia. Feza zile hazikurudi. Nilisimama mbele ya wazazi, nikawaambia yote kama ninavyowaambia nyinyi. Mama yule wa mkaa hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akajifunga kitambaa chake na kwenda zake. Ningependa zaidi kama angenitukana.

Ndiyo sababu sisemi leo kama mtu safi anayehukumu wengine. Nasema kama mtu aliyekwisha kuanguka katika shimo, na anajua liko wapi.

Sasa tuanze na jambo la kwanza: sababu gani feza hazifiki?

Turudi nyuma kidogo, maana ugonjwa huu haukuanza jana. Wakati wa Wabelgiji, masomo ya watoto weusi yalikuwa karibu yote mikononi mwa misioni, na serikali ya koloni iliwapa feza za kuyasaidia. Hapa Katanga kampani ya mine nayo ilijenga masomo kwa watoto wa wafanyakazi wake na kuyatia chini ya mapadri. Ni mwaka 1954 tu, wakati Bwana Auguste Buisseret alipokuwa waziri wa makoloni, ambapo serikali ilianza kufungua masomo yake yenyewe, yasiyo ya misioni, kwa watoto Waafrika. Kukawa na ugomvi mkubwa huko Ubelgiji na huku Kongo: masomo ya nani, feza za nani? Wazungu waligombana kwa sauti kubwa. Lakini katika ugomvi ule, kitabu cha hesabu kilikuwa mikononi mwao pande zote mbili. Baba zetu na babu zetu walipeleka watoto, hawakuonyeshwa kitabu.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Masomo yakaongezeka, watoto wakajaa, na hilo ni jambo la kushukuru. Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ya Mobutu iliyachukua masomo ya dini yote. Mzigo ukaishinda, na mwaka 1977 ikapatana na makanisa: masomo yabaki mali ya watu wote, Serikali ilipe walimu, na makanisa yaongoze. Hata leo masomo mengi ya watu wote yako chini ya mapatano hayo: ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, ya Wakimbangu, ya Waislamu. Basi kitabu kilitoka kwa padri, kikaenda kwa Serikali, kikarudi nusu kwa padri, nusu kwa Serikali. Kwa mzazi bado hakijafika.

Halafu miaka ile mibaya ikaja. Mwaka 1990 mine ya chini ya ardhi ya Kamoto, hapa kwetu, ilianguka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka mpaka mwaka 1994 haikufikisha hata 40,000. Wazee waliokaa hapa wanakumbuka miezi bila mshahara, na masomo ya kampani yaliyokuwa na vitabu na ukuta mweupe yakaanza kufanana na masomo mengine. Serikali nayo ilikuwa haina kitu. Walimu waligoma. Tangu miaka ile, karibu 1992, wazazi walikubali kumlipa mwalimu wenyewe ili mlango usifungwe. Ilisemwa kwamba ni kwa muda mfupi. Muda ule mfupi ulidumu zaidi ya miaka 25.

Sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo ugonjwa wa pili ulipozaliwa ndani ya ule wa kwanza. Feza ambazo mzazi alitoa kwa mwalimu hazikubaki zote kwa mwalimu. Sehemu ilipelekwa kwa ofisi iliyo juu ya masomo, sehemu kwa ofisi iliyo juu ya ile, na kuendelea kupanda mpaka jimboni. Ofisi zile nazo zilikuwa hazipati feza kutoka Kinshasa, basi zilikula kutoka kwa mtoto wa kalasi ya kwanza. Mti wenye afya unakunywa maji kwa mizizi na kuyapeleka kwa majani. Wetu uligeuka, majani yakawa yanalisha mizizi.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi katika nyumba za watu wote ni ya lazima na ni ya bure. Maneno mazuri. Yalikaa katika karatasi miaka 13. Mwezi wa 9 mwaka 2019, wakati wa Rais Félix Tshisekedi, yalianza kutendeka katika inchi nzima. Tusiwe watu wasio na shukrani: mamilioni ya watoto waliokuwa wakizurura au wakichota mawe katika mashimo waliingia kalasini. Wengine ni wa mtaa huu, na mimi ninawajua kwa majina.

Lakini kufungua mlango ni jambo moja na kulisha walioingia ni jambo jingine. Watoto waliongezeka, kalasi hazikuongezeka kwa kipimo kile. Walimu wengi walikuwa wakifundisha bila majina yao kuwa katika orodha ya malipo ya Serikali, ile iliyokuwa mikononi mwa SECOPE na sasa iko mikononi mwa DINACOPE. Wazazi ndio waliokuwa wakiwalipa. Siku mzazi alipoambiwa asilipe tena, mwalimu yule asiye katika orodha alibaki bila baba na bila mama. Na feza za Serikali za kuendesha masomo, yaani chaki, madaftari ya wito, kufuli na ufagio, masomo mengi yanazipata kidogo, au yanazipata zikiwa zimechelewa.

Tena hata kule juu feza ziliibiwa. Banki ya Dunia mwaka 2020 ilikubali kuleta dolari milioni 800 kwa kusaidia masomo ya bure. Mwaka ule ule wakaguzi wa feza wa Serikali walitazama malipo ya walimu, wakakuta uovu mkubwa, hata masomo yasiyokuwako yaliyoandikwa katika orodha. Mwaka 2021 wakubwa wawili wa wizara walihukumiwa na korti ya Kinshasa. Ninasema hivi ili mjue kwamba wizi wa feza za watoto unaweza kujulikana na kuhukumiwa. Na ulijulikana kwa njia gani? Kwa kuweka orodha moja kando ya nyingine, na kuhesabu. Ni kazi ile ile ya magazini.

Hayo ndiyo ya kwanza. Sasa jambo la pili, lililo mikononi mwetu.

Sheria imetupa mlango. Katika masomo ya watu wote kuna komite ya wazazi inayoitwa COPA, na kuna baraza la kuongoza linaloitwa COGES, ambamo direkta, walimu na wajumbe wa wazazi wanakaa pamoja. Kazi ya baraza lile ni kupanga feza na kutazama zinavyotumika. Lakini niambieni kweli: nani kati yenu amekwisha kuona bajeti ya masomo haya? Inueni mkono. Ninaona mikono miwili, na mmoja ni wa direkta.

Watu wanaogopa neno «bajeti», wanafikiri ni neno la Kinshasa. Bajeti ni kitu ambacho kila mama hapa anafanya siku ya mshahara. Anasema: unga wa bukari ni kiasi hiki, mkaa kiasi hiki, maji kiasi hiki, deni la duka kiasi hiki, mume wangu ameleta kiasi hiki, basi imepunguka kiasi hiki, nitauza maandazi ili kuziba. Mama yule amekwisha kufanya bajeti. Anaifanya kabla ya kutumia, si baada.

Tufanye mfano. Nasema mfano tu, si hesabu ya masomo yetu. Tuseme masomo yana watoto 600 na walimu 12, na walimu 3 hawamo katika orodha ya Serikali. Kwa mwaka mzima, chaki na vitabu falanga 900,000. Kutengeneza paa na milango 1,500,000. Maji, ufagio na dawa 600,000. Kusaidia walimu wale 3, kila mmoja 100,000 kwa mwezi, miezi 10: hiyo ni 3,000,000. Jumla ni 6,000,000. Upande wa kuingia, tuseme Serikali italeta 2,000,000, na shamba la masomo litatoa 400,000. Jumla 2,400,000. Pengo ni 3,600,000.

Pengo lile likiandikwa, tunaweza kulitazama usoni. Kwa watoto 600 ni falanga 6,000 kwa mtoto kwa mwaka mzima. Kama wazazi wa watoto 200 hawana kitu kabisa, na 400 wanaobaki wakakubali kwa mapenzi yao kuziba, ni 9,000 kwa mwaka.

Sasa tazameni namna tunavyofanya bila bajeti. Mtoto anarudi Jumatatu: «Baba, wameomba 500 ya ufagio.» Wiki ijayo: «Wameomba 500 ya karatasi za mtihani.» Wiki ijayo: «500 ya msiba wa mwalimu.» Unatoa, maana 500 si kitu. Lakini 500 kila wiki, kwa wiki 36, ni 18,000. Umetoa mara tatu ya sehemu yako ya pengo, na paa bado linavuja. Basi si kweli kila mara kwamba feza hazitoshi. Mara nyingine zimetosha na kupita, lakini zilipita katika giza. Wazee wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kuna ubaya mwingine unaozidi huo. Mtoto asiyeleta 500 anasimamishwa mbele ya wenzake. Binti wa dada yangu alirudishwa nyumbani mara tatu katika mwezi mmoja, kwa ajili ya feza ambazo sheria inakataza kumdai mtoto wa masomo ya msingi. Mara ya nne hakurudi nyumbani wala kalasini. Alikwenda kuosha mawe mtoni pamoja na wengine. Dada yangu alijua baada ya siku kumi na moja. Tulimrudisha, Mungu asifiwe. Lakini wangapi hawakurudishwa?

Kwa hiyo ninaleta maneno matano mbele ya mkutano huu, ili tuyakubali au tuyakatae leo, kwa kuinua mikono.

Neno la kwanza. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, bajeti isomwe hapa kwa Kiswahili, kwa sauti, kabla ya kutumia falanga moja. Isiwe kwa Kifransa cha haraka haraka, ambacho mama zetu wanakisikiliza kama mvua juu ya bati.

Neno la pili. Hakuna feza itakayopokelewa kwa mkono wa mtoto. Mzazi anayependa kusaidia atoe mwenyewe kwa mtunza feza, apewe karatasi yenye namba, na nusu ya karatasi ile ibaki katika kitabu. Na asiyeweza kutoa, mtoto wake asiguswe, asitajwe, asisimamishwe. Msaada ni msaada; ukigeuzwa kodi ya mlango, tunavunja sheria sisi wenyewe.

Neno la tatu. Feza zisitoke bila sahihi tatu: ya direkta, ya mtunza feza, na ya mjumbe mmoja wa wazazi asiye ndugu wa wale wawili. Na kitu kilichonunuliwa kihesabiwe kwa macho na wazazi wawili kabla ya kutia sahihi. Mabati yahesabiwe chini, kabla hayajapanda juu ya paa. Hili nimelijifunza kwa bei kubwa.

Neno la nne. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, karatasi ya hesabu ibandikwe katika mlango wa masomo: feza zilizoingia, kutoka wapi, feza zilizotoka, kwa kitu gani, feza zilizobaki. Mistari kumi inatosha. Mtoto wa kalasi ya sita aweze kuisoma kwa mama yake asiyejua kusoma.

Neno la tano. Kama ofisi ya juu inaomba feza, iombe kwa barua, na barua ile ibandikwe kando ya hesabu. Sisemi tuwanyime wakaguzi maji ya kunywa. Nasema kitu kisichoweza kuandikwa, kisilipwe.

Najua yatakayosemwa. Wengine watasema: «Mnamshuku direkta.» Hapana. Katika magazini, sahihi tatu hazisemi kwamba mimi ni mwizi. Zinanikinga nisiitwe mwizi. Direkta mwaminifu atalala vizuri zaidi akiwa na kitabu kilicho wazi, kwa maana hata yeye anateseka: watu wanamsengenya mtaani kwa feza ambazo hakuziona. Wengine watasema: «Masomo ni ya kanisa, tusiingie mambo ya mapadri.» Mimi ni mtoto wa mapadri kwa masomo, ninawaheshimu. Lakini ni wao walionifundisha kwamba sadaka inahesabiwa na watu zaidi ya mmoja. Wengine watasema: «Sisi ni maskini, hatujui hesabu.» Maskini ndiye anayejua hesabu kuliko wote. Tajiri anaweza kupoteza noti asijue. Mama wa mkaa hawezi.

Sasa kuna faida nyingine ya kitabu kilicho wazi, na hii ndiyo ninayotaka mwende nayo nyumbani. Kitabu kile ni silaha ya kudai.

Sisi tunakaa juu ya shaba na kobalti. Sheria ya mine iliyotengenezwa upya mwezi wa 3 mwaka 2018 inasema kwamba kampani inalipa ushuru juu ya madini inayouza: kwa shaba 3.5 kwa mia, na kwa kobalti, tangu ilipotangazwa kuwa madini ya lazima sana mwisho wa mwaka ule, 10 kwa mia. Ushuru ule unagawanywa. Serikali ya Kinshasa inapata 50 kwa mia, jimbo 25, mfuko wa vizazi vijavyo 10, na 15 kwa mia ni ya mji, komini, sekta au utemi ambamo mine inachimba. Sehemu ile imewekwa kwa majengo na kazi za faida ya wakaaji wote. Tena kila kampani inayochimba inapaswa kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaoikaa kando. Kalasi ni faida ya wakaaji wote. Paa ni maendeleo. Hakuna anayeweza kukataa hilo.

Lakini tukienda komini na mikono mitupu, tukilia tu «masomo yetu ni mabaya», watatupa kiti, watatupa maji, na watatuambia turudi wiki ijayo. Tukienda na kitabu, tunasema: «Hii ndiyo bajeti yetu. Hizi ni feza Serikali ilizoleta, na hizi ambazo haikuleta. Hizi wazazi walizitoa wenyewe, na huu ndio ushahidi wa kila falanga. Pengo ni hili. Sasa na nyinyi tuonyesheni kitabu chenu cha 15 kwa mia.» Neno lile lina nguvu, kwa sababu aliyefungua kitabu chake ana haki ya kuomba cha mwenzake. Na aliyeficha chake hawezi kumdai mtu.

Vilevile kwa walimu wasio katika orodha. Komite iandike jina la kila mmoja, kalasi anayofundisha, mwaka alioanza, na ipeleke barua kwa ofisi inayohusika, ibaki na kopi yenye muhuri wa kupokea. Iandike tena baada ya miezi mitatu. Karani anajua kitu kimoja juu ya ofisi: barua isiyo na kopi haikuandikwa kamwe.

Wandugu, baba zetu walipodai uhuru walisema kwamba mtu mzima hapaswi kuongozwa kama mtoto katika nyumba yake. Walisema kweli. Lakini mtu mzima ni nani? Ni yule anayejua kilicho katika ghala ya nyumba yake. Kama miaka zaidi ya 60 baada ya uhuru bado hatujui feza za chaki za watoto wetu zinakwenda wapi, tumepata bendera, funguo za ghala bado. Na funguo zile hakuna atakayetuletea kutoka Kinshasa. Ziko hapa, mezani, katika kitabu hiki cha kurasa 96 nilichonunua leo asubuhi sokoni. Mpaka sasa ni cheupe. Hakina neno hata moja.

Mmeniomba nikubali tena kuwa mtunza feza. Nilikaa usiku mbili nikiwaza, na mke wangu hakupenda, kwa sababu anakumbuka aibu ile. Jibu langu ni hili. Mkiyakubali maneno matano, nitaikubali kazi, na ukurasa wa kwanza nitauandika mbele yenu kabla hatujaachana. Mkiyakataa, chagueni mwingine, na sitakasirika. Lakini sitatia sahihi tena juu ya mabati ambayo sikuyahesabu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nahitaji wazazi wawili wa kuhesabu pamoja nami kila Jumamosi ya kwanza: baba mmoja na mama mmoja. Ningependa mama yule awe muuza soko, maana macho ya muuza soko hayadanganywi kwa noti.

Nimekwisha.  Sasa mkubwa wa komite awaite kuinua mikono.